Daft Punk: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila "Get Lucky" inapopigwa kwenye sherehe, hakosi mtu wa kuuliza wale wenye kofia za roboti ni akina nani, na kama ni kweli hakuna aliyewahi kuwaona sura. Ukurasa huu unajibu maswali yanayorudi kila mara, ya mtu aliyewasikia jana na ya yule anayeweza kubishana juu ya sampo, yaani vipande vilivyokatwa kwenye rekodi za wengine, hadi saa nane za usiku.

## Mwanzo

Daft Punk ni akina nani?

Ni Wafaransa wawili, Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo. Thomas alizaliwa Paris Januari 1975. Mwenzake alizaliwa Februari 1974 Neuilly-sur-Seine, mji unaopakana na Paris. Walijuana 1987 wakiwa wanafunzi wa shule ya Lycée Carnot, na kuanzia 1993 hadi 2021 walifanya muziki wa dansi wa kielektroni kwa jina moja.

Katika miaka hiyo 28 walitoa albamu nne tu za studio: Homework (1997), Discovery (2001), Human After All (2005) na Random Access Memories (2013). Kuna wasanii wanaotoa nne kwa miaka mitano. Hawa walikuwa mabingwa wa kukataa: walikataa sura zao zionekane, walikataa kuuza rekodi zao, walikataa ziara, mahojiano walitoa kwa kijiko. Ukishika hilo, mengi yanayofuata hapa yanaeleweka.

Majina yao yanatamkwaje?

"Guy" ni Gi, kwa g ile ya gitaa. H ya Homem haisikiki, kwa hiyo ni Omem-Kristo. Jina la ukoo ni la Kireno, ndiko asili ya familia yake. Mashabiki humwita Guy-Man na kumaliza shida.

Jina la kundi lilitoka wapi?

Lilitokana na tusi. Mwaka 1992 vijana hawa pamoja na rafiki yao Laurent Brancowitz walikuwa na bendi ya magitaa iliyoitwa Darlin', jina walilolichukua kwenye wimbo wa Beach Boys. Nyimbo zao chache zilipotoka Uingereza, mhakiki wa jarida la Melody Maker aliuponda muziki huo kuwa ni kelele za punk za kipuuzi. Neno alilotumia kwa upuuzi ni "daft". Darlin' ikavunjika. Wawili walioachwa na tusi wakalifanya jina.

Na yule wa tatu alipotelea wapi?

Hakupotea. Brancowitz alijiunga na Phoenix, bendi ya Versailles ambayo nayo ilikuja kushinda Grammy. Oktoba 2010 Phoenix walipotumbuiza Madison Square Garden jijini New York, roboti wawili walipanda jukwaani bila kutangazwa wakapiga nao. Hakuna bifu hapo.

Walipataje mkataba wa kwanza?

Mwaka 1993, kwenye rave moja (sherehe kubwa ya muziki wa kielektroni) huko EuroDisney, nje kidogo ya Paris, walimpa kanda Stuart McMillan wa Soma, lebo ndogo ya Glasgow, Scotland. Soma ikatoa "The New Wave" mwaka 1994, halafu "Da Funk" mwaka 1995. "Da Funk" ndiyo iliyowafanya madidjei wa London na Chicago waulize hawa ni nani, na lebo kubwa zikaanza kubisha hodi. Walimchagua Virgin mwaka 1996. Kwa nini mkataba huo ulikuwa wa ajabu, tazama sehemu ya haki na pesa.

Baba yake Thomas alikuwa mwanamuziki?

Ndiyo, na inawezekana umeshacheza kazi yake bila kujua. Daniel Bangalter, kwa jina la kisanii Daniel Vangarde, alikuwa miongoni mwa watunzi na maprodyuza wa "D.I.S.C.O." na "Hands Up" za Ottawan. Waliokuwa wakienda disko miaka ya 80 watakumbuka, na wakisikia tena magoti yatawakumbusha. Mchango mkubwa wa mzee kwa vijana haukuwa midundo. Aliwafundisha jinsi biashara ya rekodi inavyomla msanii, na kwenye jalada la Homework walimshukuru kwa ushauri.

## Kofia na sura

Kwa nini walivaa kofia za roboti?

Hadithi waliyokuwa wakiisimulia ni kwamba tarehe 9/9/1999, saa 3:09 asubuhi, ambayo Wazungu wanaiandika 9:09, mashine ya kusampo ililipuka studio, na walipozinduka walikuwa roboti. Ni utani, ingawa waliusimulia bila kucheka.

Ukweli ni kwamba hawakupenda kutazamwa, hasa Guy-Man ambaye ni mtu wa haya. Tangu siku za Homework walikuwa wakipigwa picha na vinyago vya dukani, chochote kilichofunika uso. Kofia zilikuja wakati wa Discovery na zilitengenezwa na watu wa Hollywood, chini ya Tony Gardner, fundi wa vinyago na vipodozi vya filamu. Ya fedha ni ya Thomas, ya dhahabu ni ya Guy-Man. Kumbuka hili, litakusaidia kwenye video zote.

Kwa maoni yangu kofia ziliwapa kitu ambacho hela hainunui: mmoja wao aliweza kwenda dukani kununua mkate siku moja baada ya kujaza uwanja.

Ni kweli hakuna anayejua sura zao?

Si kweli. Picha zao za ujana zipo, na kwenye baadhi ya mahojiano ya miaka ya 90 wanaonekana wazi. Haikuwa siri ya dola. Ni kwamba watu wengi waliamua kuheshimu mchezo. Siku hizi Thomas anaonekana hadharani bila kofia (tazama "Wanafanya nini sasa?").

## Albamu moja baada ya nyingine

Mbona Homework ina sauti ya kukwaruza hivyo?

Jina linajieleza: kazi ya nyumbani. Ilitengenezwa chumbani kwa Thomas jijini Paris, kwa mashine za midundo na sinthesaiza, bila studio ya kukodi. Ni hausi ya Chicago na tekno ya Detroit, aina mbili za muziki wa dansi wa mashine, kama zilivyosikika masikioni mwa vijana wa Paris, nao hawakuficha deni hilo: "Teachers" ni wimbo mzima wa kutaja majina ya waliowafundisha.

Video zake zilifanya nusu ya kazi. "Da Funk", iliyoongozwa na Spike Jonze, inamfuata jamaa mwenye kichwa cha mbwa anayechechemea mitaa ya New York na redio yake. "Around the World", ya Michel Gondry, ni somo la muziki lililojificha: kila kundi la wachezaji ni chombo kimoja. Wanariadha ni besi, wasichana wa disko ni kinanda, mifupa ni gitaa, wale waliofungwa sanda ni mashine ya midundo, na roboti ni sauti. Itazame mara moja ukimfuata kila mmoja na chombo chake. Maneno yenyewe ni hayo matatu tu, yanarudiwa mara 144 kwenye toleo la albamu. Halafu kuna "Revolution 909", ambamo polisi wanavamia muziki, na ghafla video inageuka historia ya nyanya, tangu mbegu hadi doa la mchuzi kwenye shati la askari. Sijawahi kuchoka nayo.

Discovery inahusu nini, na ile katuni je?

Inahusu utoto. Walisema walitaka kurudia jinsi mtoto anavyosikiliza muziki, kabla hajafundishwa kipi cha heshima na kipi cha aibu. Kwa hiyo ndani kuna disko, roki, magitaa ya mbwembwe, mapenzi ya kupendeza mno. "One More Time", iliyotangulia Novemba 2000 kwa sauti ya Romanthony wa New Jersey, ilishika namba moja Ufaransa na namba mbili Uingereza. Wapo waliolalamika kwamba sauti ya mwimbaji imepitishwa kwenye mashine mno. Leo nusu ya redio inasikika hivyo.

Katuni ni Interstella 5555 (2003), iliyosimamiwa na Leiji Matsumoto, mchoraji wa Kijapani waliyempenda tangu utotoni, na kutengenezwa na Toei, studio ya katuni ya Japani. Ni albamu yote toka mwanzo hadi mwisho bila mazungumzo. Inasimulia bendi ya sayari nyingine inayotekwa na meneja mwovu, wanachama wanapakwa rangi ya binadamu na kulazimishwa kuwa mastaa. Mtu anayekimbia kamera anapokuletea hadithi hiyo, hahitaji kukufafanulia.

Human After All ni mbaya kama wasemavyo?

Ni kavu. Discovery ilichukua miaka, hii ilichukua kama wiki sita, na wahakiki wengi wa 2005 waliisikia kama mtu aliyechoka. Mimi nilikuwa mmoja wa waliochoka nayo. Nilibadili mawazo baada ya piramidi. Soma sehemu inayofuata.

Filamu zao ni zipi?

Ukiacha katuni, waliongoza Electroma, iliyoonyeshwa Cannes 2006: roboti wawili wanaotaka kuwa binadamu, polepole sana, na bila hata wimbo mmoja wa Daft Punk. Waliovaa kofia mle ni waigizaji wengine. Kwa Disney walitunga muziki wa Tron: Legacy (2010), uliopigwa na okestra ya watu 85 jijini London. Kwenye filamu hiyo wanaonekana kwa muda mfupi wakiwa madidjei wa klabu.

Random Access Memories ilikuwa na tofauti gani?

Watu waliozoea mashine waliziweka kando wakaita binadamu. Nile Rodgers wa bendi ya disko ya Chic kwenye gitaa, Nathan East kwenye besi, Omar Hakim na John Robinson kwenye ngoma, Pharrell Williams na Julian Casablancas kwenye sauti, Paul Williams aliyeandika na kuimba "Touch", na Giorgio Moroder, prodyuza mkongwe wa disko, aliyekaa mbele ya maikrofoni kusimulia maisha yake. Kwa Moroder waliweka maikrofoni za miongo tofauti, kila zama za simulizi na yake. Nani atasikia tofauti? Karibu hakuna. Wao walitaka hivyo.

"Get Lucky" ilitoka Aprili 2013, albamu Mei. Marekani wimbo ulikwama namba mbili, nyuma ya "Blurred Lines" ya Robin Thicke, ambao nao una Pharrell ndani yake. Jamaa alijizuia mwenyewe. Januari 2014 albamu ilishinda Grammy ya albamu ya mwaka, na "Get Lucky" ile ya rekodi ya mwaka. Roboti walipanda jukwaani, hawakusema neno. Paul Williams ndiye aliyeshukuru kwa niaba yao.

## Jukwaani

Piramidi ni nini?

Ni jukwaa. Tarehe 29 Aprili 2006, kwenye tamasha la Coachella, California, pazia lilifunguka na roboti wakaonekana juu ya piramidi ya taa na skrini. Hawakuwa wametumbuiza Marekani kwa miaka mingi. Wasikilizaji wa leo wamezoea didjei mwenye ukuta wa skrini nyuma yake. Wakati ule haikuwa kawaida.

Lakini taa si habari yote. Nyimbo zilikatwakatwa zikashonwa upya: "Around the World" juu ya "Harder, Better, Faster, Stronger", "Television Rules the Nation" chini ya "Crescendolls". Na hapo ndipo albamu iliyodharauliwa ilipojibu. Vibao vya Human After All, kwa ule ukavu wake, vilikuwa na nafasi ya kubeba vingine mgongoni. "Robot Rock" iliyochosha nyumbani iligeuka mlango wa onyesho. Sikiliza Alive 2007, iliyorekodiwa ukumbi wa Bercy, Paris, Juni mwaka huo. Ilishinda Grammy mwaka 2009.

Waliwahi kuja Afrika Mashariki?

Hapana. Ziara ya 2006 na 2007 ilipita Amerika, Ulaya na Japani, ikaishia Australia Desemba 2007. Baada ya hapo hapakuwa na ziara tena, popote.

Mbona watu walisubiri ziara ya 2017?

Kwa sababu kulikuwa na albamu ya jukwaani Alive 1997, kisha Alive 2007, na mashabiki wakafanya hesabu. Wao hawakuahidi. Mwaka huo walichofanya ni kupiga na mwimbaji The Weeknd kwenye Grammy za Februari, na hilo ndilo onyesho lao la mwisho hadharani. "Starboy", waliyoitoa naye Septemba 2016, ilifika kilele cha chati ya Marekani Januari 2017, mara yao pekee.

## Haki, sampo na pesa

Mkataba wao na Virgin ulikuwa na nini?

Hawakuuza rekodi. Walianzisha kampuni yao, Daft Trax, ikamiliki nyimbo, na Virgin ikapewa leseni ya kuzitoa na kuzisambaza. Kwa vijana wa miaka 21 na 22 kudai hivyo mbele ya lebo kubwa, hapo ndipo unasikia sauti ya mzee Vangarde. Wasanii wetu wanaosaini kwanza na kusoma baadaye wangefaidika na swali hili kuliko yote ya kofia.

Kusampo ni wizi?

Kusampo ni kukata kipande cha rekodi ya mtu na kukijenga upya. Ukiomba ruhusa, ukamtaja na kumlipa, ni biashara halali. "Harder, Better, Faster, Stronger" imejengwa juu ya "Cola Bottle Baby" ya Edwin Birdsong (1979), na "Digital Love" juu ya "I Love You More" ya George Duke (1979). Wote wawili wametajwa. "Robot Rock" inategemea "Release the Beast" ya Breakwater karibu yote, na hapo ubunifu ni mdogo, tuseme ukweli.

Kinachouma ni "One More Time". Zile tarumbeta zinatoka "More Spell on You" ya Eddie Johns, mwimbaji mzaliwa wa Liberia aliyerekodi Ufaransa 1979. Kwenye jalada la Discovery hatajwi. Mwaka 2021 gazeti la Los Angeles Times liliandika kwamba hakuwahi kupata mrabaha wa wimbo huo: waliolipwa ni kampuni iliyokuwa imenunua haki za rekodi yake. Kisheria Daft Punk walilipa. Ila wimbo mmoja umewakutanisha watu walioshika rekodi zao kwa mikono miwili na mtu ambaye yake ilikwenda.

Kanye West aliwaibia?

Hapana. "Stronger" (2007) ilitumia "Harder, Better, Faster, Stronger" kwa ruhusa, na Februari 2008 walitokea naye kwenye Grammy, wao wakiwa ndani ya piramidi.

Stardust ni Daft Punk kwa jina lingine?

Nusu. "Music Sounds Better with You" (1998) ni ya Thomas akiwa na Alan Braxe na mwimbaji Benjamin Diamond, na ilitoka kwenye Roulé, lebo ya Thomas mwenyewe. Guy-Man hakuwemo, yeye alikuwa na lebo yake, Crydamoure. Stardust walitoa wimbo huo mmoja wakaacha. Kukataa kwingine.

## Kuachana na baada yake

Waliachana lini na kwa nini?

Tarehe 22 Februari 2021 waliweka video ya dakika nane iitwayo "Epilogue", yenye kipande cha Electroma: roboti mmoja anamgeuzia mwenzake mgongo ili awashe swichi ya kumlipua, analipuka, na aliyebaki anaendelea kutembea jangwani. Kisha "1993–2021" na kwaya ya "Touch". Msemaji wao alithibitisha, basi. Hawakutoa taarifa ya maelezo.

Mwaka 2023 Thomas aliiambia BBC, kwa ufupi, kwamba pamoja na kuipenda ile sura ya roboti, katika dunia ya sasa kuwa roboti ndicho kitu cha mwisho angetaka.

Wanafanya nini sasa?

Thomas alitunga Mythologies, muziki wa okestra kwa ajili ya baleti ya Angelin Preljocaj iliyozinduliwa Bordeaux 2022. Rekodi ilitoka 2023 kwa jina lake halisi. Guy-Man amekaa kimya, kama siku zote. Kabla ya hapo aliwahi kumtengenezea Sébastien Tellier albamu ya Sexuality (2008) na kumsaidia Charlotte Gainsbourg kwenye "Rest" (2017).

Kuna nyimbo mpya zinazotoka. Wamerudi?

Hapana, ni kabati linafunguliwa. Toleo la miaka kumi la Random Access Memories (2023) lilikuja na vipande vya zamani, kikiwemo "Infinity Repeating" cha 2013. Mwaka huohuo likatoka toleo lisilo na ngoma. Lisikilize usiku.

## Maswali ya pembeni

Justice ndio haohao?

Sio. Justice ni Gaspard Augé na Xavier de Rosnay, Wafaransa wawili wengine. Uhusiano upo kupitia Pedro Winter: alikuwa meneja wa Daft Punk hadi 2008, na ndiye mwenye lebo ya Ed Banger iliyowatoa Justice.

Ni kweli walizindua albamu kwenye maonyesho ya kilimo?

Kweli kabisa. Random Access Memories ilizinduliwa Mei 2013 Wee Waa, mji mdogo wa wakulima wa pamba huko New South Wales, Australia. Wenyewe hawakwenda.

Ile video ya jeshi la Ufaransa ni ya kweli?

Ni ya kweli. Tarehe 14 Julai 2017, kwenye gwaride la sikukuu ya taifa, bendi ya jeshi ilipiga mchanganyiko wa nyimbo zao mbele ya Emmanuel Macron na Donald Trump. Macron alitabasamu. Trump alionekana kama mtu aliyepewa chakula asichokiagiza.

Sauti inayoongea mwanzoni mwa "Contact", wimbo wa mwisho wa Random Access Memories, ni ya mwanaanga kweli?

Ni ya Eugene Cernan wa Apollo 17, safari ya mwezini ya Desemba 1972, akieleza kitu kinachometameta anachokiona nje ya dirisha. Baada ya hapo inaingia sampo ya "We Ride Tonight" ya The Sherbs, bendi ya Australia. Ndiyo sampo pekee ya wimbo kwenye albamu nzima waliyoapa kuipiga kwa mikono, na wameiweka mwisho kabisa. Ngoma za Hakim zinapanda, mlio unazidi kupanda hadi mashine inaonekana kushindwa, halafu kimya. Ukisikiliza kwa spika za gari, punguza sauti kabla ya dakika ya mwisho.